Mpaka wa Kihamba cha Hilda

Kwa miaka mingi Hilda, mpiga picha, aliuona mlima wake ukikatwakatwa mitandaoni. Akiuweka kwenye kile kisanduku chao cha mraba cha picha, Kibo inabaki, Mawenzi inakatwa. Akiulazimisha uenee wote, unakuwa kama kichuguu, na kesho yake umeshafunikwa na picha za keki za watu. Akachoka kuwa mpangaji kwenye kurasa za watu. Akajifungia nyumbani kwake Rau, akatengeneza tovuti yake mwenyewe, kisha akapanda Machame kumwonyesha baba yake.

Mzee Eliakim alikuwa akimkatia ng'ombe majani ya mgomba. Akanawa mikono, akaketi mbele ya kompyuta, na Hilda akafungua.

Mlima ukajaa kioo kizima. Kibo na Mawenzi bega kwa bega, theluji ikiwaka kwa jua la asubuhi, mawingu yametandazwa chini yake. Mzee alizaliwa mlimani hapo, lakini alivua kofia, kama mtu aliyechelewa kanisani akakuta watu wanasali.

"Hapa ni pa nani?" akauliza hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Pangu, baba."

"Hakuna wa kukuhamisha?"

"Hakuna."

Akatoka nje. Aliporudi alikuwa ameshika mche wa isale, ule mmea ambao Wachagga huupanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo. Akakitazama kioo upande wa kushoto, akakitazama upande wa kulia.

"Nionyeshe mwisho wake nipande huu," akasema. "Mimi siuoni."