Nywele za Janeth Zilipolala

Nywele za mkwe wangu Janeth zilipoanza kulala, mimi ndiye niliyeona wa kwanza. Huwa ninaona vitu mapema. Kuku mmoja akisusa pumba asubuhi, mimi najua kabla ya jioni kwamba ugonjwa wa kideri umeingia kijijini. Marehemu mume wangu alinitania kwamba Mungu alinipa macho akasahau kunipa usingizi. Nilijivunia macho hayo miaka mingi.

Janeth aliolewa na mwanangu Elisha mwaka juzi. Elisha ni fundi ujenzi. Alikwenda Nduguti wakati majengo ya serikali yanapanda kule, akarudi na mchumba. Baba yake Mnyiramba, mama yake Mmbulu, na nywele alizirithi kwa mama: nyeusi, ndefu, kila unywele umejizungusha kama springi ya kalamu. Akitembea zinarukaruka mabegani. Siku ya harusi hapa Mtinko wanawake walizishikashika mpaka shela ikakaa upande.

"Elisha, huyu umemtoa kiwandani?" Selina alipaza sauti, ukumbi mzima ukacheka. Selina ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala, na nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu.

Elisha husafiri na kazi zake, kwa hiyo Janeth akakaa na mimi. Nikampa zawadi ya mama mkwe. Huku kwetu kila nyumba ina alizeti. Nilichukua mafuta ya kukamua, yale mazito ambayo hayajatulia, nikayachemsha na nta aliyoniletea kaka yangu Gasto, anayefuga nyuki Mitundu. Yakipoa yanaganda kama samli. Mama yangu alitupaka hayo, nami niliwapaka wanangu, na nywele zetu fupi ngumu zilikuwa zinang'aa mpaka Jumapili ya pili. Nikamkabidhi kopo zima.

"Paka asubuhi na jioni, mwanangu. Usiruke hata siku moja. Kichwa kikavu kwa mwanamke ni aibu ya nyumba."

"Asante mama. Nitapaka."

Akapaka kweli. Alikuwa anapaka palepale mlangoni ili nimwone. Kopo likiisha, nampikia jingine.

Baada ya miezi mitano hivi nikaanza kuona. Nywele hazirukaruki tena. Zimelala kichwani kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe, mikunjo imenyooka, rangi imekuwa ya vumbi. Nikamtazama na mashavu, nikaona yamepungua. Ilikuwa Januari, wakati wa palizi, na Januari hapa kila mtu hupungua. Hilo sikuliwaza.

Niliyemuwaza ni wifi yangu Aneth, dada wa marehemu. Alifia mikononi mwangu zamani, kabla dawa za kurefusha maisha hazijafika huku. Kwake nywele zilitangulia: zikalainika, zikalala, ndipo yakafuata mengine. Nilimwogesha mwenyewe mpaka siku ya mwisho. Tangu hapo nikiona nywele za mtu zimelainika, moyo wangu unataja ule ugonjwa kabla sijauzuia.

Ningemuuliza. Tulikuwa tunakula sahani moja. Ningesema tu, "Janeth mwanangu, unajisikiaje?" Badala yake nikapeleka kwenye sala.

Jumuiya yetu hukutana Alhamisi alasiri, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Kila mmoja anataja nia yake. Siku hiyo Janeth alikuwa shambani. Zamu yangu ilipofika nikafumba macho, nikasema, "Tumwombee mgonjwa aliye nyumbani mwangu, ambaye mwenyewe hajajua kwamba ni mgonjwa." Wakaitikia.

Tulipotoka, Selina akanishika mkono.

"Mama Elisha, mgonjwa gani? Kwako mko wawili tu."

"Wewe omba tu, dada."

"Nitaombaje nisichokijua? Nimwombee goti au jino?"

Nikasema, "Mtazame nywele."

Basi. Maneno mawili. Selina akajiziba mdomo kwa kanga, nami nikaondoka nikijiona nimetua mzigo.

Mwezi haujapita, zamu ya jumuiya ikaangukia kwangu. Janeth aliamka mapema, akachemsha chai ya maziwa, akakaanga maandazi, akachemsha na viazi vitamu. Sala ikaisha. Akapita na chupa ya chai. Wa kwanza akasema amefunga. Wa pili akasema tumbo. Wa tatu naye amefunga. Wanawake saba, na wote siku hiyohiyo chakula hakipiti! Vikombe vikabaki vikavu mezani.

Wakahamia Kinyaturu, lugha yetu, wakijua Janeth ni wa Nduguti. Mmoja akasema chinichini, "Labda tule viazi. Vyenyewe vina maganda." Wakacheka puani. Mimi nilikuwa nimeshika rozari, nikaendelea kuishika.

Janeth alisimama katikati ya chumba na chupa mkononi. Akawajibu kwa Kinyaturu kilichonyooka, "Hata hayo maganda niliyaosha kwa mkono huuhuu." Akaweka chupa chini, akatoka.

Hakuna aliyejua kwamba ameshajifunza lugha. Hata mimi, mwenye macho.

Kesho yake asubuhi alikuja nilipokuwa nachambua mtama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Elisha amenipigia simu. Maneno ya hapa yamemfikia huko aliko. Ananiuliza kama kuna kitu ninamficha."

"Ukamwambiaje?"

"Tulipima pamoja kabla ya ndoa, anajua. Juzi nimekwenda tena zahanati, peke yangu. Sina kitu. Cheti hiki hapa." Alikitoa, sikuthubutu kukipokea. "Lakini mama, siwezi kuzunguka kijiji kizima nimebeba cheti. Wananitazama kichwa. Hata sokoni, mtu anapokea hela huku macho yako juu ya nywele. Nisindikize kwa Joyce nikanyoe zote. Na nikinyoa wakaendelea, mimi narudi kwa mama yangu."

Kisha akasema, "Sijui ni nani aliyeanza haya."

Nikainuka kutafuta kanga, na kanga nilikuwa nimeivaa.

Kwetu mwanamke kijana hanyoi kipara hivihivi. Mimi nilinyolewa siku tulipomzika mume wangu, najua upepo unavyokupiga kichwani ukitoka nje mara ya kwanza. Njia nzima nilimwazia Janeth katika hali ile, mumewe yu hai.

Joyce ana saluni kule senta, chumba kimoja chenye kioo kikubwa. Ni binti mchangamfu, mdomo haupumziki.

"Shikamoo mama! Leo na wewe tunakusuka? Nikuwekee rasta za rangi ya chungwa, padri akukimbie?"

"Marahaba. Mhudumie mwenzako."

"Ninyoe," Janeth akasema, akakaa.

Joyce akachukua mashine, akashika fungu la nywele, akasita. Akalisugua kati ya vidole. Akanusa. Akaparua kwa kucha, akainua kidole kwenye mwanga: chini ya ukucha kulikuwa na uchafu wa kijivu, mzito.

"Wewe! Unajipaka mshumaa?"

Akachota maji kidogo kwa kiganja, akamwagia. Maji hayakuingia. Yalijikusanya matone matone, yakateleza kama yanavyoteleza kwenye jani la mgomba.

"Mama, njoo uone. Maji yanakimbia. Hii ni nta, na mafuta mazito juu yake, na vumbi juu ya mafuta. Na unaoshea nini?"

"Maji ya kisima," Janeth akasema. "Na sabuni ya mche."

"Maji yetu haya ya chumvi! Sabuni haitoi povu, inaganda palepale juu ya nta. Nywele zako ni za mikunjo, dada, zinataka kuwa nyepesi ndiyo zijikunje. Umezitwisha gunia. Zitasimamaje? Haziumwi hizi, zimeelemewa tu." Akasonya. "Nani alikudanganya upake nta?"

Kwenye kioo nilimwona Janeth akinitazama. Alitazama kidogo tu, kisha akashusha macho.

"Ni mimi mwenyewe," akasema. "Nilisikia kwa watu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitamani sakafu ile ya saruji ipasuke. Huyu mtoto, niliyelitoa jina lake nje kwa maneno mawili, alikuwa analificha langu mbele ya mtu mmoja.

"Basi sinyoi," Joyce akasema. "Mama, nishikie jagi."

Alikuwa na maji ya mvua kwenye tangi, akayapasha moto mpaka yakawa ya kuvumilika, maana nta haitoki kwa maji baridi. Akaweka shampuu. Mara ya kwanza hakuna povu, likatoka tope la kijivu. Mara ya pili povu kidogo, jeusi. Mimi namimina, yeye anasugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, taratibu. Mara ya tatu povu likawa jeupe. Akakamua nusu limau kwenye jagi la mwisho, akasuuza. Akapaka krimu kidogo, nchani tu, akachambua kwa chanuo la meno mapana. Taulo alilikataa. Alichukua fulana kuukuu ya pamba, akazikamua kwa kuzikunja juu, anafumbata na kuachia, anafumbata na kuachia.

Tukakaa nje zikauke. Zilipoanza kukauka, unywele mmoja pembeni ya sikio ukajivuta juu, ukajizungusha. Halafu wa pili. Halafu sikuweza kuhesabu. Kabla jua halijafika utosini zilikuwa zimerudi zote, zinatikisika akigeuza shingo.

"Mafuta matone mawili, nchani, mara moja kwa wiki," Joyce akamwambia. "Ukiona zimeanza kulala tena na vidole vinanata, usiongeze mafuta. Osha."

Njiani watu walikuwa wanageuka. Janeth alitembea ameinua kichwa. Akaniuliza taratibu, "Mama, ulijua kwamba ni nta inaharibu?"

"Sikujua, mwanangu."

Hilo lilikuwa kweli. La pili, kwamba maneno yalianzia kwangu, lilikuwa mdomoni, lakini akapita mtu na baiskeli, akatusalimia, nikaliachia lipite naye. Nikajiambia nitasema Alhamisi.

Siku ya pili Selina akaingia kwangu bila kubisha hodi, uso unang'aa.

"Mama Elisha! Nimemwona kisimani. Kumbe amepona!"

"Dada Selina..."

"Nywele zote zimesimama! Yaani tumefunga, tumeomba, na Bwana ametenda. Alhamisi ni kwangu. Utasimama utoe ushuhuda. Nimeshawaambia wenzetu, na Janeth nimemwalika."

Akaniacha nimekaa na ungo mapajani. Nitasema ukweli: nilijaribiwa. Njia ilikuwa imefunguka, safi. Nisimame, nimshukuru Mungu, wanawake wapige vigelegele, Janeth aheshimiwe, na mimi nibaki mama mwenye sala. Nani angeumia? Nilipiga magoti nikamwomba Mungu akubali hivyo. Sikuweza kuimaliza sala ile. Kila nikifika kwenye "nakushukuru" nilimwona Janeth kwenye kioo.

Alhamisi ikafika. Walikuwepo wote saba, na Janeth pembeni karibu na mlango, kitambaa shingoni, nywele wazi. Selina akanikaribisha kwa wimbo. Nikasimama.

"Sina ushuhuda," nikasema. "Janeth hakuwa mgonjwa. Nilimpa mafuta ya nta, akayapaka kwa kunitii, yakazilaza nywele zake. Mimi niliyezilaza ndiye niliyekuja hapa kusema ni mgonjwa. Selina, nilikwambia umtazame nywele. Yule mgonjwa tuliyemwombea, hayupo. Joyce ameziosha kwa maji ya moto na limau, zimerudi. Ni hivyo tu."

Nje jogoo aliwika.

"Kwa hiyo sisi tuliomba bure?" mmoja akauliza.

Selina uso ulikuwa umekunjamana. "Mama Elisha, mambo ya nyumbani ungeyamaliza nyumbani."

"Niliyaleta hapa, Selina. Nayamalizia hapa."

Nikageuka kumtazama Janeth. Alikuwa ameshatoka.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amesimama karibu na kamba ya nguo. Hakuwa analia.

"Kwa hiyo ni wewe, mama."

"Ni mimi. Nisamehe, mwanangu."

"Mafuta nimekusamehe siku ileile. Hukujua." Akanigeukia. "Lakini nikuulize. Kama ningekuwa naumwa kweli, leo ungesimama?"

Jibu nililijua. Maana kama cheti kingesema vingine, mimi ningekuwa nimekaa pale na rozari yangu, na yale maneno ya viazi na maganda yangeendelea. Naye angekuwa ni yuleyule Janeth. Na hata Aneth wetu, niliyemwogesha, sikuwahi kumtaja kwa sauti mbele za watu hadi leo.

Alisubiri kwa heshima, kama mabinti wanavyofundishwa. Alipoona sijibu, akaenda zake.

Jioni nilimpigia Elisha mwenyewe, nikamweleza yote kabla hajayasikia kwa mwingine. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sawa, mama," akakata simu, na hilo lilinichoma kuliko kelele.

Asubuhi Janeth alikuwa na begi. Alinisalimia shikamoo, nikaitikia. Nikalishika begi, hakulikataa, tukaenda stendi.

"Utarudi?" nikamuuliza basi la Nduguti lilipokaribia.

"Nitarudi, mama. Elisha atanifuata. Ila tutapanga chumba huku senta, hatutakaa kwako."

"Sawa, mwanangu."

Akapanda. Basi lilipoondoka wanawake wa sokoni walikuwa wamesimama na vikapu vyao, wananitazama. Kuna njia ya kupita mashambani, nyuma ya alizeti, ambayo mtu haonani na mtu. Sikuipita. Nilirudi kwa njia ya katikati ya kijiji, nyumba kwa nyumba, nikisalimia. Wengine waliitikia.