Asije Akawa Mkubwa

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani. Mkaza mwana wake aliposhika mimba, alimshonea gauni pana, akaacha mapindo ubavuni ya kufumua kadiri tumbo litakavyokua.

"Likikubana sema, Sindano," alimwambia. Jina hilo alimpa tangu siku ya kwanza, maana msichana alikuwa mwembamba, akipita mlangoni mlango haujui.

Sasa mimba ilikuwa ya miezi saba, na mume alikuwa safarini na lori lake. Asubuhi ya kwenda kliniki, mama mkwe alimfunga vifungo vya mgongoni, akatia vidole ubavuni. Gauni lilipwaya. Mapindo hayajaguswa. Moyo ukamlipuka.

"Sindano, unakula wewe?"

"Nakula, mama."

"Basi mbona anayenenepa ni paka wa jirani?"

Alitaka kutania, lakini msichana hakucheka. Aliinama akitafuta viatu vilivyokuwa mbele ya macho yake.

Kliniki, mkunga alimpandisha kwenye mzani, kisha akamlaza na kupima tumbo kwa utepe. Akapima tena. Mama mkwe aliyekuwa amesimama ukutani akasogea hatua moja mbele, kwani fundi harudii kipimo ila ameona kasoro.

"Ulianza mimba ukiwa na uzito mdogo," mkunga alisema, "na hujaongeza kitu cha maana. Sasa mtoto naye hakui inavyotakiwa. Nyumbani chakula kipo?"

"Kipo!" mama mkwe akadakia. "Napakua mwenyewe!"

Msichana akaziba uso kwa viganja. "Msimlaumu mama. Nampa paka." Akalia kwanza ndipo akaweza kuendelea. "Dada yangu alikula vizuri muda wote wa mimba, watu wakamsifu. Mtoto akawa mkubwa, akakwama. Tuliwazika pamoja. Nikasema wangu asije akawa mkubwa."

Mkunga aliweka kipembe cha kusikilizia juu ya tumbo, akainamisha sikio. Akakisogeza. Akakisogeza tena. Mama mkwe aliomba kimyakimya, na lile jina la utani alilolitoa kwa mapenzi likamchoma kifuani. Kumbe alikuwa akimsifia mtoto wa watu kukonda!

"Yupo," mkunga alisema. "Moyo unapiga vizuri."

Hakumkaripia. Alivuta kiti, akaketi karibu naye kama dada mtu. "Pole sana, mdogo wangu. Lakini njaa haipanui njia ya kuzalia. Mtoto aliyekonda anaingia kwenye uchungu hana akiba, akichoka hana pa kushika. Na akizaliwa mdogo mno, kukua kwake kunakuwa kwa taabu. Wewe kula. Utakuja kila wiki nikupime, na utajifungulia hospitali kubwa, penye madaktari wa upasuaji. Akikwama, watamtoa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Nje ya lango mama mkwe alinunua mkate na mayai ya kuchemsha, akamketisha kwenye benchi la ukutani.

"Mama, nikifa je?"

Neno "hutakufa" lilimfika mama mkwe ulimini, akalimeza. Naye alishazika watu. "Ya kesho siyajui, mwanangu. Ninalojua ni kwamba hutakuwa peke yako. Nitakushika mkono mpaka wauguzi waje kunibandua."

"Watakufukuza."

"Na wajaribu. Nimewashinda wateja wanaotaka suti kesho, sembuse hao?"

Msichana alitabasamu kidogo, machozi yakimtiririka. Akamenya yai, akalitazama kama mtu aliyepewa dawa chungu. Akauma. Akatafuna taratibu mno, mkono mmoja tumboni, kama anayesubiri kuona lipi litatokea.

Mama mkwe aligeuza uso kuelekea barabarani, msichana asije akamwonea aibu. Alikaa hivyo hivyo, akihesabu magari bila kuyaona, mpaka aliposikia ganda la yai la pili likigongwa kwenye ukingo wa benchi. Hakuthubutu kugeuka.