Kilichokuwa Chini ya Lango la Kumi na Saba

Maji yalikuwa yakishuka polepole mno, na Basile Poncelet alijua hivyo kwa sababu alikuwa akiyapima tangu Jumatatu kwa uzi aliofunga nati nzito nchani. Mtu aliyetengeneza mashine za kuvunia ngano kwa miaka thelathini na minane hawezi kuangalia kitu kikishuka bila kutaka kujua kinashuka kwa kasi gani. Leo ilikuwa Jumatano. Sehemu ya uzi iliyolowa ilikuwa fupi kuliko jana, na harufu ya tope lenyewe ilikuwa imeanza kupanda.

Mfereji ulikuwa ukikaushwa ili kuta zake zikarabatiwe, jambo ambalo katika eneo la Courvigny halikuwa limetokea kwa miaka kumi na minne. Watu walikuja kwa makundi kuchungulia tumboni mwake. Lilishaonekana jiko la gesi, kikaonekana kibao cha kijiji jirani ambacho vijana wa Courvigny waliapa hawakijui, na kila kilipoibuka kitu kipya watu walikisia kilikuwa cha nani na nani alikitupa. Mji mdogo hauna sinema, kwa hiyo tope hilo lilikuwa sinema tosha.

Basile hakuja hapa, Lango la Kumi na Saba, moja ya malango ya kuzuia maji na kupitishia boti, kwa ajili ya majiko. Alitaka kujua jambo moja tu: kama baiskeli yake imo humo. Kama haimo, basi alikuwa sahihi. Kama imo, basi kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amemwita rafiki yake mwizi bure.

Na rafiki mwenyewe alikuwa ng'ambo ya pili, amekaa juu ya kigingi cha kufungia mashua, anakula mkate na soseji kama mtu asiye na haraka. Firmin Lagasse, kinyozi pekee wa Courvigny. Naye alikuwa akija tangu Jumatatu. Hawakuwa wamesalimiana.

Kabla ya ugomvi, wawili hao walipiga pedali pamoja kila Jumapili, na Jumatano pia, wakifuata njia ya kando ya mfereji kisha wakikata katikati ya mashamba ya viazi sukari. Nchi ile ni bapa kama meza, mlima wake ni upepo. Ukiwa peke yako unaula upepo wote mwenyewe. Mkiwa wawili, mmoja anatangulia kuupasua na mwingine anajificha nyuma ya mgongo wake, kisha aliyetangulia akichoka anachezesha kiwiko kidogo, na mwenzake anapita mbele kumpokea. Basile na Firmin walipokezana hivyo kwa miaka ishirini na sita.

Kisha ikaja ile siku ya Septemba. Walipumzika kwenye Lango la Kumi na Saba, Firmin akatangulia kurudi kwa kuwa alikuwa na mteja, Basile akalala chini ya miti ya mipopla. Alipoamka, baiskeli haikuwepo. Haikuwa baiskeli ya hivi hivi. Fremu yake ya chuma ilikatwa kwa vipimo vya miguu yake, na kishikio cha chupa alikifua mwenyewe kutoka kwenye bati la mashine ya kuvunia. Firmin alikuwa akitania kila mara, "Ukifa, hii naondoka nayo kabla ya jeneza." Majira ya kuchipua yaliyofuata, Firmin akatokea na baiskeli mpya ya kijani, kimo kilekile. Basile hakuhitaji ushahidi zaidi. Alisimama mkahawani, mbele ya klabu nzima ya waendesha baiskeli, akasema, "Rangi mpya haimfichi mwizi."

Firmin alijitetea papo hapo. Alisema siku ile alipoondoka aliiacha baiskeli ya Basile imeegemezwa kwenye reli ya lango, na huenda lango lilifunguka ikatumbukia. Malango hayo yanajiendesha yenyewe tangu walinzi wake wastaafu; boti ikikaribia tu, yanafunguka, yawe na kitu au yasiwe nacho. Basile alipiga meza. Yeye? Yeye ambaye kila anayejiunga na klabu humfundisha kwanza kabisa asiegemeze baiskeli langoni? Mkahawa mzima ulicheka, maana kweli nani angeamini. Firmin alilipa kahawa yake akatoka, na hakurudi tena klabuni. Kuhusu kutafuta majini, Basile hakuthubutu. Kutafuta kungekuwa sawa na kukubali kwamba inawezekana.

Tangu hapo alikula upepo peke yake. Tangu hapo pia alinyolewa na mkewe Solange kwa mkasi wa jikoni, na matokeo yake yalionekana hata kwa mbali.

"Mzee Basile!" Nadège aliita kutoka chini. Alikuwa mfanyakazi wa mfereji, amevaa suruali ya mpira iliyomfika kifuani, mkononi ana upondo wenye kulabu. "Unalinda nini hapo siku tatu? Umeficha dhahabu?"

"Napumzika tu."

"Unapumzika na uzi? Haya. Na yule kinyozi wako kule naye anapumzika?"

"Si kinyozi wangu."

"Hilo naliona kichwani mwako," Nadège alisema, akarudi kwenye tope lake.

Saa tano hivi upepo ulianza kuvuma kutoka magharibi, ukayatia maji yaliyobaki mikunjo. Basile aliteremsha uzi tena karibu na lango. Nati haikuzama. Iligonga kitu, ikatoa mlio mdogo wa chuma kwa chuma. Akaivuta, akaiangusha tena. Ulikuwa mlio uleule. Kwa siku tatu alikuwa na hamu ya kujua, na sasa hamu yote ilimtoka, akatamani maji yarudi.

Nadège aliusikia ule mlio. Alikuja akikokota miguu, akachomeka upondo, akavuta. Kwanza ulitoka usukani, umevimba kwa magugu. Kisha fremu. Kisha magurudumu mawili yaliyojaa kome. Aliisukuma juu ya ukuta, ikalala hapo ikichuruzika maji meusi. Kwenye fremu, chini ya tope, kilikuwepo kishikio cha chupa kilichofuliwa kwa mkono, na riveti zake tatu.

"Ya nani hii?" Nadège alipaza sauti kwa wote waliosimama kingo zote mbili.

Ng'ambo ya pili Firmin alikuwa ameacha kutafuna. Hakunyoosha kidole. Alimtazama Basile tu, naye Basile akaelewa kwamba angeweza kunyamaza. Magugu yalikuwa yamefunika rangi. Nadège angeitupa kwenye lori pamoja na lile jiko, na kesho ingekuwa chuma chakavu, na yeye angebaki kuwa Basile asiyekosea. Alijisikia vibaya kwa kuwa hata wazo hilo lilimpitia.

"Ni yangu," alisema.

"Yako? Ilifikaje humu?"

"Niliiegemeza langoni."

Nadège alicheka mpaka akashika upondo kwa mikono miwili. "Wewe? Wewe uliyenipigia kelele nikiwa na miaka tisa, mpaka nikalia, kisa nimeegemeza ya kwangu hapo hapo?"

"Mimi huyo huyo."

Firmin alifunga mkate wake kwenye karatasi, akauweka mfukoni, akaanza kuvuka kijia cha juu ya lango akiburuta ile baiskeli ya kijani. Alifika, akaikagua iliyolala. Aliiinamia, akakigusa kishikio cha chupa, akajifuta kidole.

"Nilikukosea," Basile alisema. "Firmin, nimekukosea sana."

"Miaka kumi na mmoja."

"Najua."

"Hujui. Mama yangu alikufa akiniuliza kama kweli niliichukua. Mama yangu mwenyewe, Basile."

Basile alichutama, akaanza kufuta tope kwenye riveti.

"Ulilisema mkahawani," Firmin aliendelea. "Mbele ya watu, saa mbili asubuhi, wakiwa wamevaa helmeti zao. Jumapili utasema palepale kwamba ulikosea. Na usilizungukezunguke."

"Nitasema."

"Na hawa?" Aliwaelekezea kidevu watu wa kingoni. "Wameshasikia, ila wao si klabu."

"Nimesema nitasema, bwana."

Firmin aliitikia kwa kichwa, akapanda baiskeli yake. Hakumwambia twende, wala hakumwambia usije.

Kurudi Courvigny ni kilomita kumi na tisa kuelekea magharibi, usoni mwa upepo. Basile aliiacha maiti yake ya chuma kwa Nadège, akapanda ile aliyoinunua baada yake, aliyoizoea bila kuipenda, akampita Firmin, akakaa mbele. Akapiga pedali. Mashamba ya viazi sukari yalikuwa wazi pande zote, na upepo ulimfikia bila kuzuiwa na chochote. Nyuma yake alisikia mnyororo wa Firmin, karibu, mahali pake pa zamani.

Walipita lango la kumi na sita, kisha la kumi na tano. Mapaja yaliwaka moto. Kiwiko chake kilitaka kucheza chenyewe, akakibana mbavuni. Hakuwa na haki ya kuomba kupokewa. Walipofika kwenye ghala la nafaka alikuwa anahema kama mbwa aliyefukuza lori, na kasi ilikuwa imeshuka hadi ya mtu anayetembea na haraka zake.

"Sogea," sauti ilisema.

"Bado naweza."

"Huwezi. Sogea, la sivyo tutafika kesho."

Firmin alimpita kwa kushoto bila kumwangalia, akajiweka mbele. "Na Jumamosi upite dukani kwangu," alisema akiwa ameelekeza uso kwenye upepo. "Siwezi kukaa mkahawani karibu na kichwa cha namna hiyo."

Basile alilisogeza gurudumu lake nyuma ya gurudumu la kijani, na ghafla pakawa kimya. Machozi yakaanza kumtoka. Alitaka kusema ni upepo, lakini nyuma ya mgongo wa Firmin hapakuwa na upepo wa kusingizia.