Fundi wa Spika Hana Upande

Fundi Spika alikuwa na msemo wake: fundi wa spika hana upande. Kuna wiki aliwafungia mitambo wagombea wawili waliokuwa wakichimbana, na spika zile zile zikatoa matusi ya huyu Jumatatu na ya yule Alhamisi. Kazi yake ni sauti ifike. Ikifika ni kweli au uongo, shauri ya wenye masikio.

Lakini siku kamati ya bunge ilipokuja kwenye ukumbi wa mji kusikiliza maoni ya wananchi, upande alikuwa nao, tena umekaa ubavuni mwake kwenye kiti cha magurudumu. Binti yake alikuwa fundi wa kupaka rangi majumba. Jukwaa la mbao lilimtupa kutoka ghorofa ya pili, mgongo ukavunjika, na tangu hapo miguu ikabaki yake kwa jina tu.

Hospitali kuu kulikuwa na utafiti. Madaktari walichukua viinitete, yaani mimba changa za siku chache zilizotungwa maabara kwa ajili ya watu waliokosa watoto, zile zinazobaki wenyewe wakishapata mtoto wao. Ndani yake walitoa seli zinazoweza kugeuka kuwa kiungo chochote, hata neva za uti wa mgongo. Binti alishakubaliwa awe mmoja wa watakaojaribiwa. Sasa ulikuja mswada wa kupiga marufuku. Ukipita, mlango unafungwa.

Na mkewe alikuwa upande wa mswada. Alikuwa kiongozi wa akina mama wa maombi, mwanamke wa msimamo, akisema ndio, ni ndio. Tangu atamke mbele ya waumini kwamba mimba ni mtu hata ikiwa ya siku moja, mama na binti walibaki na "umekula?" na "nimekula". Ajabu ni kwamba hao hao akina mama wa maombi ndio waliokuja kila asubuhi kumwogesha binti na kumgeuza asipate vidonda, wazazi wakiwa kazini. Usiwatukane watu hao mbele ya Fundi Spika. Aliijua mikono yao.

Asubuhi ile ukumbi ulichemka. Daktari wa utafiti alisema kiinitete ni kidogo kama nukta, hakina moyo wala ubongo, na kisipotumika kinatupwa.

"Hata wewe, daktari, uliwahi kuwa nukta," kiongozi wa dini akamjibu, na watu wakacheka, daktari naye akacheka. "Mnawatupa, hilo kosa la kwanza. Sasa mnataka tuwaruhusu la pili ili la kwanza liwe na faida?"

Mzee yule hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomuuma Fundi Spika. Mjinga unamdharau, unaenda kulala.

Wakati wa mapumziko mkewe alikuja mpaka kwenye meza ya mitambo. Binti alikuwa amepelekwa nje kupunga upepo.

"Nikiitwa, maiki yangu ipandishe vizuri," alisema. "Karatasi waliyoniandikia akina mama siisomi."

"Utasema nini?"

"Nitasema ya mwanangu. Kwamba nimeomba mpaka magoti yameota sugu, na sasa nataka wamtibu kwa chochote walicho nacho."

"Mke wangu, hao mama zako watakutema leo leo."

"Waniteme." Akafunga kilemba chake upya. "Nimechoka kuwa mama wa watu wote isipokuwa wangu."

Aliondoka, na Fundi Spika akahisi kifua kimekuwa chepesi, kitu alichokuwa amekisahau. Akavaa hedifoni kurekebisha maiki ya meza kuu, iliyokuwa ikivuma tangu asubuhi. Ndivyo kazi ilivyo: sauti ya maiki inazimwa ukumbini, fundi anabaki kuisikia masikioni peke yake mpaka ajue ugonjwa wake. Badala ya mvumo akamsikia mwenyekiti wa kamati akimnong'oneza katibu.

"Ripoti ilishachapwa juzi. Marufuku. Viongozi wa dini wameshaahidiwa."

"Na hawa wagonjwa waliokuja?"

"Wagonjwa wangapi, bwana? Waumini ndio wanapiga kura. Waache waseme, wapumue, warudi kwao."

Fundi Spika akavua hedifoni.

Watu walirudi, binti akasukumwa mpaka mahali pake, na jina la kwanza kuitwa lilikuwa la kiongozi wa akina mama. Mkewe akasimama. Akina mama wa maombi wakampigia makofi. Fundi Spika akapiga hesabu ya haraka kama mtu anayekimbia moto: mkewe akisema, mswada unapita. Asiposema, mswada unapita. Akisema, kesho asubuhi hakuna mkono wa kumgeuza mtoto.

"Ndugu zangu," mkewe alianza, "mimi ni mama..."

Fundi Spika akashusha sauti mpaka chini.

Mkewe aliipiga maiki kwa kidole. Kimya. Akageuka kumtazama mumewe, naye akajifanya anahangaika na waya. Midomo ya mwanamke ilifunguka, ikafumba.

"Mama, muda umetubana," mwenyekiti alisema. "Maoni yako yalete kwa maandishi. Anayefuata."

Mkewe akakaa. Mama mmoja wa maombi akampapasa bega, akamwambia mashine ni mashine tu, Mungu ameshasikia.

Jioni, akina mama walipokwisha kumpakia binti kwenye gari la mitambo, Fundi Spika alimweleza mkewe yote, huku akikunja nyaya. Hakuzungusha maneno.

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. "Kwani nilikuwa nasema na mwenyekiti?" akauliza. "Nilitaka mtoto anisikie nikisema mbele yao."

"Si umwambie sasa. Yuko hapo."

"Sasa? Kwenye gari, hakuna anayesikia? Hapa hata mimi nisingejiamini."

Akapanda mbele. Njiani binti akauliza kutoka nyuma, kati ya spika.

"Baba, angesema nini? Yale yale?"

"Hapana. Alitaka kukutetea. Mimi ndiye nilizima maiki."

Binti akacheka kwa pua. "Baba, unampenda sana. Usinidanganye."

"Haki ya Mungu, niliizima mimi."

"Sawa, uliizima. Mama ana sauti ya kuita watu mtaa mzima. Angetaka kusema, angesema."

Fundi Spika akamtazama mkewe, akitaka amjibu mtoto. Mkewe aliangalia barabara, mkoba mapajani, na hakukanusha maneno ya binti.