Chokaa ya Penalti

Jioni ya siku ambayo timu ya Kasa ilishuka daraja, wanaume wa barazani Usagara waliketi kumpa mwamuzi maksi, kama walivyofanya baada ya kila mechi. Kahawa ilikuwa chungu na kashata zilikuwa za karanga. Naushad, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mwenyekiti wa mashabiki, ndiye aliyeongoza kikao. Mwamuzi alipata mbili juu ya kumi, na hizo mbili alipewa na mzee mmoja aliyesema kwamba soksi zake zilikuwa safi. Wengi wa waliotoa maksi walikuwa wamekaa upande wa jua, wakaangalia mechi nzima wamejikinga macho kwa viganja, lakini hilo halijawahi kumzuia mtu wa Tanga kuijua penalti.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwamuzi aliyepangwa, mtu wa Dodoma, aliteguka mguu kabla ya mapumziko. Filimbi akakabidhiwa mwamuzi wa akiba, Ibrahimu wa Pongwe, na uwanja ukashangilia kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani. Mechi ikielekea kwisha, Kasa wakitafuta bao moja tu wabaki kwenye ligi, mshambuliaji wao Yona aliingia na mpira kwenye boksi, akaanguka. Watu wote wakasimama. Ibrahimu akatikisa kichwa, akaashiria mpira uendelee. Ukaendelea mpaka ukaisha, na Kasa wakashuka.

Mke wa Ibrahimu, Samiha, alikuwa dada wa tumbo moja wa Sabiri, fundi cherehani wa pale pale Usagara. Sabiri alikuwa amesimama nyuma ya goli lile, akishikilia wavu. Aliona kila kitu. Yona alipiga teke ardhi, akajirusha. Kati ya mguu wake na mguu wa beki ungeweza kupitisha mkokoteni wa maji.

"Sabiri," alisema Naushad pale barazani, "wewe ulikuwa nyuma ya goli. Shemeji yako yule, twajua. Lakini sema haki, yakhe."

Watu walimtazama kama anayetarajiwa kudanganya. Sabiri aliona aibu kabla hajafungua kinywa. Aliona wazi kwamba akisema kweli ataitwa mtetea ndugu, na kwamba kuanzia siku hiyo neno lake barazani halitakuwa na uzito.

"Ilikuwa penalti," alisema. Kisha, ili waamini zaidi, akaongeza, "Wallahi niliiona kwa macho yangu."

Aliongezewa kahawa. Mtu mmoja alimpiga bega na kusema kwamba wanaume wa namna hiyo wamebaki wachache.

Kwa kuwa sasa palikuwa na shahidi, iliamuliwa isomwe albadiri. Kila mtu alijua kuwa kisomo hicho hakisomwi kwa kudhani, na maalim wa mtaa, Shekhe Mbwana, aliwauliza kwanza kama wana hakika.

"Maana hiki nikikisoma na aliyetajwa hana kosa, kitawarudia nyie mlionileta," alisema. "Mimi simo."

Walisema wana hakika. Waliosema hivyo walikuwa wengi kuliko walioingia uwanjani siku ile. Basi ubani ukawashwa, kikasomwa baada ya alasiri, na dua ikaombwa kwamba aliyedhulumu katika mechi ile atiwe alama mahali ambapo kila mtu ataiona. Sabiri aliitikia amina kwa sauti kuliko wenzake.

Alfajiri, alipokuwa akitawadha, mkewe Hasina alimwambia ana chokaa usoni. Ilikuwa katikati ya kipaji, mahali pa alama ya sijida, duara nyeupe kubwa kiasi cha mdomo wa kikombe cha kahawa. Aliisugua kwa sabuni, akaisugua kwa ndimu, akaisugua kwa jiwe la kusugulia miguu. Ngozi iliuma na duara ikabaki. Ilinuka kama uwanja uliotoka kupigwa mistari. Hasina alimwambia aache, atachelewa sala.

Msikitini safu ya kwanza yote ilikuwa na chokaa, na ya pili, na ya tatu isipokuwa mgeni mmoja aliyetoka Ushongo kuuza pweza. Maalim hakuwa nayo. Alisalisha, akawatazama mara moja alipogeuka, akaanza kuvuta uradi. Sokoni wauza samaki walikuwa nayo. Bi Gulshan, mama yake Naushad, ambaye siku ya mechi hakutoka dukani lakini alisema penalti kwa sababu mwanawe alisema, alikuwa nayo chini kidogo ya ukingo wa mtandio. Ya Yona ilikuwa pana kama sahani na ilimfikia kwenye nyusi, hivyo akawa anavaa kofia ya kushusha.

Mchana huo hakuna aliyefanya kazi ya maana, kila mmoja akimchungulia mwenzake. Barazani watu walikaa wameinamisha nyuso na kahawa ikapoa. Kila mmoja alimkumbuka maalim na neno lake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka. Sabiri alifikiri kwamba sasa yatakwisha, kwamba mtu atasema, na akaona moyo wake umekuwa mwepesi kwa kutumaini kuwa mtu huyo hatakuwa yeye.

Aliyesema alikuwa Naushad.

"Hii ni nini hii?" aliuliza, akijigusa kipaji. "Si nukta ya penalti? Ni ile ile tuliyonyimwa. Wamewekewa alama waliodhulumiwa."

Watu waliinua nyuso. Mzee wa soksi alisema hata yeye alikuwa akiwaza hivyo hivyo. Kahawa ikapashwa moto.

Tangu hapo chokaa haikumsumbua mtu. Mabwana harusi walipigwa picha nayo. Walioonekana hawana walikuwa watoto wachanga, wagonjwa wa kitandani, wachache wasiojua mpira, maalim, na Ibrahimu. Ibrahimu alipita mjini na kipaji safi, na watu wakaoneshana: yule pale, hana hata punje.

Chama cha mpira kilituma wajumbe wawili kuja kusikiliza malalamiko. Siku moja kabla, Samiha alikuja dukani kwa kaka yake, akaketi kwenye kiti cha wateja bila kuvua baibui. Naye kipaji chake kilikuwa safi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada."

"Ibrahimu asema mlitazamana. Alipotikisa kichwa alikuona wewe nyuma ya wavu, nawe ukatikisa kichwa kama yeye. Kesho atawaambia wakuulize. Hana shahidi mwingine. Wakimfungia, kwa umri wake harudi tena uwanjani."

Sabiri alikuwa amesahau kwamba alitikisa kichwa. Sasa alikumbuka.

"Nitasema," alimwambia. Samiha alimshukuru, akamwombea dua, akaenda zake.

Ukumbi ulijaa. Wajumbe walikaa mezani na chupa za maji. Ibrahimu alieleza bila kupandisha sauti, kisha akasema, "Muulizeni shemeji yangu. Aliona nilichoona."

Sabiri alisimama. Mbele yake vipaji vyote vilikuwa vyeupe, na kila mmoja wa wenye vipaji hivyo alijua kama alivyojua yeye. Aliliona hilo waziwazi, na akaona pia kwamba akisema, atawavua nguo wote kwa pamoja, na yeye wa kwanza. Ibrahimu hakumtazama. Alitazama mikono yake mwenyewe, kwa adabu, ili asimbane.

"Ilikuwa penalti," Sabiri alisema.

Chokaa ilimlowa kwa jasho. Tone moja lilishuka kwenye nyusi, akalipangusa kwa kiwiko, akaketi. Mjumbe mkubwa alimuuliza Naushad watu wamejuaje kwamba mwamuzi ndiye mwenye kosa, na Naushad akamwonyesha: katika ukumbi mzima, ukiwatoa wageni, ni mwamuzi peke yake asiye na alama. Mjumbe alikubali kuwa hilo linaonekana hata kwa macho. Ibrahimu akafungiwa maisha. Walipoketi kula wali wa nazi na samaki wa kupaka, wajumbe wote wawili walikuwa tayari na duara zao, na mmoja akaomba tishu.

Samiha hakuja tena dukani. Hasina alianza kumwekea mumewe chakula na kwenda kukaa uani mpaka amalize. Sabiri alikula akiinamia sahani. Alikuwa na aibu asubuhi, adhuhuri na jioni, na barazani alikaribishwa kwa heshima na kupewa mahali pa katikati.

Ijumaa moja kabla ya adhana, Ibrahimu alikuja dukani. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Wakaulizana hali za nyumbani, na nyumbani wote wazima.

"Shemeji," alisema Ibrahimu, "nina shida ndogo. Msikitini sasa watu wananiachia nafasi. Nikisimama, safu yakatika hapo nilipo. Dukani naambiwa kitu kimekwisha na mimi nakiona. Samiha naye wamemwondoa kwenye chama cha mazishi." Akaitazama meza ya kushonea. "Una chaki hapo?"

Sabiri alifungua mtoto wa meza akatoa chaki ya kuchorea vitambaa. Ilikuwa kavu, ikambidi ailoweshe kwa mate. Ibrahimu alivua kofia, akaketi, akafumba macho na kuinua uso. Sabiri alimshika kidevu kwa mkono mmoja na kwa mwingine akachora duara, akaijaza taratibu, akapuliza vumbi lililodondokea puani. Kwa karibu hivyo aliona kwamba shemeji yake amezeeka.

"Iko sawa?" Ibrahimu aliuliza, macho bado ameyafumba.

"Iko sawa."

"Yafanana na yako?"

Sabiri aliinama akaitazama. "Yafanana."

Ibrahimu alisimama akavaa kofia, akaisukuma nyuma kidogo ili duara ionekane. Alisema jasho litaifuta, kwa hiyo itabidi aje kila Ijumaa, kama si usumbufu. Sabiri alisema si usumbufu. Wakafunga duka, wakaenda kusali, na safari hii safu haikukatika.