Kivuli Kilichohamishwa

Mti ule wa barabara ya Delamere haukuwa wa mtu, lakini kivuli chake kilikuwa na wenyewe. Kaloki, Mkamba muuza vinyago, alikaa karibu na shina, maana muhugu, mti aliochongea, ukipigwa na jua ukiwa mbichi hupasuka, na mzungu hanunui twiga mwenye ufa shingoni. Mume wangu Ogutu, fundi viatu, alikaa mbele yake. Jua lilipohama nao walihama, wakitaniana wee mpaka jioni. Ng'ambo ya pili, juani, hakuna mchuuzi aliyewahi kudumu.

Mwaka wa hamsini na saba tukasikia mti utakatwa, njia ipanuliwe. Nikamwambia Ogutu turudi zetu Ugenya. Akaniuliza fundi viatu atashona nini kule, nyayo?

Kaloki alikuwa na dawa yake. Kwao, alisema, mti mkubwa haukatwi hivi hivi. Huegemezwa fimbo, na yaliyomo huombwa yahamie kwenye fimbo, kisha fimbo ikaegemezwa mti mwingine. Mimi ni mtu wa kanisa, nikamcheka. Lakini siku ya shoka niliwapelekea chakula, nikamkuta kweli ameegemeza fimbo, ananong'ona Kikamba. Mti ukaanguka. Kivuli hakikuanguka nao. Kilijikusanya chini ya ile fimbo kama shuka iliyokunjwa.

Kaloki akaibeba fimbo kutafuta mti mwingine. Kila mti wa barabara ile ulikuwa na watu wake, nao wakamfukuza. Akarudi jua la utosi, amechoka, vinyago vimeanza kuingia nyufa. Mara mteja akataka kuona kifaru. Kaloki akahitaji mikono miwili, naye mpumbavu yule akaegemeza fimbo kwenye kitu kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa mgongo wa mume wangu.

"Ah," Ogutu akasema. "Baridi."

Kivuli kikatanda mpaka barabarani. Nikatazama juu. Hapakuwa na tawi wala jani.

"Toa hiyo fimbo!" nikapiga kelele. Kaloki akaitoa mbio. Kivuli kikabaki.

Mwanzoni walifurahi, wajinga wale. Mabibi wa kizungu walisimama kupoa, na kwa kuwa wamesimama wakanunua. Akaja muuza maua, akaja muuza magazeti, kila mmoja akatoa chochote kwa ajili ya mahali pake. Kaloki, sitamsingizia, aliniletea fungu la Ogutu mpaka mtaa wa Hurlingham, kwenye chumba chetu nyuma ya nyumba ya mzungu nilikofua nguo. Lakini Ogutu mwenyewe hakurudi.

Nikaenda kumchukua. Alikuwa amesimama wima, kiatu cha mtu mkononi, hajakitia sindano.

"Twende nyumbani."

"Ngoja jua ishuke, nyar Ugenya," akasema. Ndivyo alivyoniita siku zote, binti wa kwetu.

Jua likashuka. Nikamvuta. Mkono ulinifuata, mwenyewe hakuja. Nikalia mbele za watu bila haya, nikamwambia Kaloki akihamishe tena kitu chake. Akaleta fimbo, akaiegemeza mgongoni pale pale, akaomba mpaka sauti ikamkauka. Lakini la kuvunda halina ubani.

"Shemeji, imekataa," akasema, naye machozi yanamlengalenga. "Imeshapata mahali."

"Na ikitoka," muuza maua akadakia, "sisi tutaenda wapi?"

Nilimzaba kofi, na sijutii.

Juzi nimempelekea ugali na samaki. Hakugusa. Ngozi ya mikono yake imekuwa ngumu, na inzi hawamsumbui tena.

"Unataka nini, baba?"

"Kiu tu."

Nikachukua kopo la maji, nikalipeleka mdomoni pake. Akageuza uso polepole.

"Si huko. Mwaga hapo chini."

Nikamwaga miguuni pake, juu ya lami, na lami ikayanywa yote. Ogutu akafumba macho, akashusha pumzi kama mtu aliyekula akashiba. Nilimpenda mtu yule. Mzungu mmoja akapita, akaweka mkono begani mwake ili afunge kamba za kiatu, akaenda zake bila kumtazama.

Nilikuwa nimekusudia kuondoka. Lakini jua lilikuwa kali, na mimi pia nikaketi.