Silinda ya Tatu

Jumatano asubuhi, mwezi Juni mwaka sabini na tano, Fundi Hamidi aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini iliyokuwa ikinguruma kwenye gereji yake ya Majengo, akabandika mpini sikioni, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Upepo wa Ufipa ulikuwa unaleta vumbi mpaka kwenye sufuria. Albina, muuza uji wa pale gerejini, aliifunika kwa ungo, akamkaza mwanawe Zenon mgongoni kwa kanga, akangoja. Kila mwenye gari bovu pale alikunywa uji wake wa ulezi wakati akisubiri fundi.

"Inagonga," alisema Hamidi.

"Hata mimi nasikia kwamba inagonga. Nimekuja uniambie inagonga nini."

Aliyesema ni Ndugu Nsajigwa, mtu wa Mbeya, ofisa wa kuhamisha watu. Landrova yake ya ofisi ilifika Sumbawanga kabla ya Uhuru, na kila kitu chake kilikuwa kimeshabadilishwa isipokuwa injini. Ilitoa moshi wa bluu na kunywa oili kama mgeni wa harusi. Mwaka uliopita, Agosti, ndilo gari lililotangulia malori kupanda kilimani kwa kina Albina na kuwashusha wote hadi kijiji kipya, upande wa Kasense. Nsajigwa hakuwa mkali siku ile. Aliwashika vikongwe mkono wapande lori, na watoto aliwagawia peremende. Nyumba zilitiwa moto ili mtu asije akarudi.

Hamidi alichomoa waya wa plagi ya kwanza. Mlio ule ukaendelea. Akaurudisha, akachomoa wa pili, ukaendelea. Alipochomoa wa tatu, ukanyamaza. Alipourudisha ukaanza tena: kru, kru, kisha kimya kidogo, kisha kru, kru.

"Pistoni haisemi hivi," alisema. "Mama Zenon, hebu njoo. Mambo ya kusaga unayajua wewe."

Albina alibandika sikio kwenye mpini wa bisibisi. Alisikiliza kwa muda wa uji kuchemka.

"Ni mama," alisema.

"Una hakika?"

"Anasukuma jiwe mara mbili, halafu anakusanya unga kwa kiganja. Kwetu wengine wote walisukuma mara tatu."

"Basi ni yeye," alisema Hamidi, akazima gari, akaandika namba tatu kwa chaki kwenye bodi. Kisha alifungua kopo la chujio la hewa. Lilikuwa tupu.

"Ndugu, chujio liko wapi?"

"Nililitoa. Gari lilikuwa halina nguvu ya kupanda kile kilima."

"Na ulipofika juu, ulizima?"

"Ningezimaje, fundi? Lingegoma kuwaka. Nililiacha linanguruma pale kwenye nyumba ya mwisho."

"Ndiyo hapo sasa. Likavuta." Hamidi alisema hivyo kwa upole, kama anayemweleza mteja aliyetia maji kwenye petroli. "Bila chujio, injini haichagui."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Kristiana, mama yake Albina. Asubuhi ile alikuwa amelala na homa. Albina alikuwa ameshapandishwa kwenye lori na kichanga mgongoni, akasema mama yuko ndani. Nsajigwa alitazama daftari, akasema watu wote mia mbili na kumi na wawili wameshahesabiwa. Albina akasema tena, lakini malori yalikuwa yamewashwa. Toka siku hiyo hakulia. Kifua chake kilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, ni wako, na ukiufinya husikii kitu.

"Jumamosi nalihitaji," alisema Nsajigwa. "Kuna kilima kimebaki, njia ya Namanyere."

Alipoondoka, Hamidi alimimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, akazungusha injini kwa hendeli. Ikawa nzito ghafla. "Ringi zimekwisha," alisema. "Na valvu zinataka kusagwa. Kesho nafungua na kuosha kwa petroli. Kilichomo kitakwenda na uchafu, mama Zenon. Kama ni wa kutoka, atoke kabla sijaosha."

Usiku huo Albina hakwenda kwenye kisomo cha watu wazima.

Alhamisi mchana Hamidi alilegeza nati zote za kichwa cha injini, akashika spana, akasita: injini ilikuwa imezimwa, lakini ndani kusaga kulikuwa kunaendelea.

"Unangoja nini, fundi?"

"Siwezi kumwezua mtu mzima paa akiwa ndani."

Albina akaelewa. Kwao, kwa mkubwa huingii hivihivi. Alipiga magoti mbele ya bampa, akapiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa kidogo, akapiga hodi kwa Kifipa. Ndipo alipokumbuka kwamba Agosti ile watu wengi walipita mbele ya mlango ule, na hakuna aliyepiga hodi. Hata yeye alipiga kelele tu akiwa kwenye lori.

Kusaga kulikoma.

"Nimalizie kiganja kimoja," ilisema sauti ndani ya chuma.

Walimngoja. Hamidi alikunywa uji. Kisha akanyanyua kichwa cha injini, na Kristiana akatoka kwenye silinda ya tatu, kwanza mkono ulioshika jiwe dogo la kusagia, kisha bega, kisha mwili wote, mweusi kwa masizi ya oili. Akajipangusa, akaketi juu ya tairi.

"Nyumba ipo?"

"Haipo, mama."

"Wewe ulikwenda."

"Nilikwenda."

"Huko ulikokwenda, unakula?"

"Nakula, mama."

"Haya." Akanyoosha mikono. "Mlete. Ameota meno huyu!"

Akampakata Zenon. Mgongoni kwa mtoto zikabaki alama tano za vidole, nyeusi. Albina alizisugua kwa sabuni, baadaye kwa majivu. Hazikutoka, akaacha kusugua.

Hamidi aliendelea na kazi yake. Alikwangua masizi, akasaga valvu moja moja mpaka zikakalia vizuri, akafunga ringi mpya na gasketi mpya. Ijumaa Nsajigwa alipokuja, gari lilikuwa linanguruma taratibu kama cherehani. Alimwona bibi kwenye tairi, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Albina alimwomba daftari. Alikuwa na penseli ya kisomo nyuma ya sikio. Alifuata mistari kwa kidole mpaka akafika.

"Kri-sti-a-na," alisoma. "A-me-ha-ma."

"Umesoma vizuri sana!" Nsajigwa alifurahi kweli, macho yakamng'aa. "Hii ndiyo faida ya kisomo, dada yangu."

"Naomba ubadilishe, ndugu. Andika aliachwa."

Nsajigwa alifikiri. Hakukasirika. "Nikiandika hivyo, jumla itapungua mmoja, na ripoti imeshakwenda mkoani. Halafu sasa si amefika? Basi amehama. Kilichozidi ni siku tu."

Albina alimtazama mama yake. Kristiana alikuwa anampulizia Zenon sikioni, mtoto anacheka.

"Basi kesho huko," alisema Albina, "upige hodi kila nyumba."

"Nitajitahidi. Ila watu ni wengi, na siku ni moja."

"Nimekufungia chujio," alisema Hamidi. "Usilitoe."

"Asante sana, fundi."

Jumamosi alfajiri gari lilipita Majengo bila moshi na bila kugonga. Watu walimsifu Hamidi, wakasema injini imerudi ujana.

Baada ya wiki mbili Landrova iliingia gerejini inachechemea. Nsajigwa alishuka akipangusa shingo. Chujio la hewa lilikuwa kwenye kiti cha abiria, jipya, halina hata vumbi.

"Kilima kile kikali," alisema. "Imeanza tena."

Hamidi alichukua bisibisi. Alipochomoa waya wa plagi ya kwanza, pakawa kimya. Alipourudisha, pakasikika kikohozi cha mzee, na mtu mwingine anachonga mpini wa jembe.

"Wawili," alisema Hamidi.

Albina aliipua sufuria, akakaza kanga, akaenda kupiga magoti mbele ya bampa. Nyuma yake Kristiana alisogea ukingoni mwa tairi, akaacha nafasi.